Barabara Iliyobanwa Kwenye Simu

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Randa, kama kile chombo cha seremala cha kulainishia mbao, na alistahili, kwa sababu tangu ujana wake hakuweza kuvumilia kitu chenye mikwaruzo. Ukimkaribisha kwako, ukaenda jikoni kuchemsha chai, ukirudi ungemkuta ametoa kipande cha msasa mfukoni na anasugua pembe ya meza yako, tena bila kuomba ruhusa. Wengine walichukia. Wengine, wajanja zaidi, walimwalika makusudi na kumkalisha karibu na kabati bovu.

Macho yalianza kumponyoka alipovuka miaka hamsini. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kuwasha. Ulianza kumla pembeni, kidogo kidogo, na yeye akalaumu taa za karakana. Alibadilisha balbu, akabadilisha tena, akagombana na muuza duka kwamba siku hizi wanauza takataka. Alipofika hospitali, daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akazungumza naye kwa ile sauti ya chini ambayo madaktari huitumia wakiishiwa dawa. Haukupita muda mrefu, hata mwanga wa dirisha ukaisha.

Asionewe huruma kupita kiasi, maana mwenyewe hakuipenda. Kazi hakuacha. Kipara, mshirika wake wa tangu zamani, alishika msumeno na mashine; Randa akashika msasa, gundi na polishi. Na ukweli usemwe: viti vyao vikawa laini kuliko zamani, kwa kuwa vidole havidanganywi na mng'ao wa vanishi. Wateja walikuwa wakipitisha kiganja kwenye egemeo la kiti na kunyamaza kidogo. Randa aliusikia ukimya huo na kuufurahia sana, ingawa alijifanya hajali.

Tatizo lilikuwa barabara. Nyumba yake na karakana yake vilitazamana, lango kwa mlango, na katikati ilipita lami pana ya magari ya kwenda na kurudi. Taa za kuongozea magari hazikuwepo pale. Upande wa kulia, ukiwa umetoka nyumbani, kulikuwa na kona, na magari yaliikata kwa kasi kana kwamba yanafukuzwa. Mwenye macho alivuka kwa kukimbia. Asiye na macho alisubiri kuvushwa, na aliyemvusha Randa kila asubuhi na kila jioni alikuwa binti yake.

Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki binti akiwa bado anasoma shule ya msingi, na tangu hapo baba na mwana walikuwa wamezoea kuishi wawili, kutaniana wawili na kununiana wawili. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, mji mwingine, mbali. Alikuwa hata ameshonewa sare. Wiki chache kabla ya kuondoka, Randa aliamua kumwonyesha kwamba anajiweza: akatoka peke yake, akapiga moyo konde, akaingia barabarani. Pikipiki ilimpitia karibu mno, kioo chake cha pembeni kikachana mfuko wa shati lake. Binti aliona yote kutoka dirishani.

"Siendi popote," alimwambia baba yake jioni ile, huku akishona mfuko ule.

"Kipara atakuja kunichukua."

"Utamsubiri Kipara siku mbili, Baba. Ya tatu utasema amechelewa, utatoka mwenyewe. Nakujua."

Randa alijua kwamba ndivyo hasa angefanya.

"Siku nikikuona umevuka mwenyewe, kwenda na kurudi, kwa akili na si kwa kubahatisha, hiyo ndiyo siku nitaondoka," binti alisema. "Kabla ya hapo usinitajie chuo."

Chuo kilikubali kumshikia nafasi hadi muhula mpya, na si zaidi. Basi kila asubuhi alimshika baba yake kiwiko, wakasimama ukingoni, wakavuka. Ni safari fupi kabisa, lakini kila walipovuka Randa alihisi kwamba amemburuta mwanawe hatua nyingine mbali na maisha yake. Aliona aibu. Aibu hiyo ilimlemea kuliko upofu wenyewe.

Ndipo akaingia Mwalimu.

Mwalimu alitoka katika kituo cha wasioona, na yeye mwenyewe hakuwahi kuona tangu kuzaliwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko kikubwa na mwendo wa haraka kiasi kwamba wenye macho waliotumwa kumsindikiza walibaki nyuma wakihema. Alimfundisha Randa fimbo nyeupe katika vichochoro vitulivu: kuipeleka kushoto mguu wa kulia unapotangulia, kuisikiliza inapogonga zege, udongo, bati. Hayo Randa aliyapata upesi. Lakini kwa barabara kubwa Mwalimu alikuwa na utaratibu wake, na katika utaratibu huo hakuna aliyeweza kumbembeleza.

Alikuwa na maikrofoni mbili ndogo kama punje za mahindi. Alizitia ndani ya masikio yake mwenyewe, moja kila upande, akaenda kusimama kwenye ukingo uleule mbele ya lango la Randa asubuhi yenye magari mengi, akarekodi. Gari likipita, alinyamaza mpaka liishe, kisha akatamka jibu: "Hilo limetoka kulia, limepita mbele yako, limeenda kushoto." Mwanafunzi alivaa hedifoni, akafuata gari kwa kidole kabla ya jibu kutoka. Mwalimu, kwa kuwa haoni kidole, alimshika mtu kifundo cha mkono na kwenda nacho kule kinakokwenda. Sheria yake ilikuwa moja: mguu haukanyagi lami mpaka kidole kijue kufuata magari bila kusahihishwa.

"Mtilie kwenye simu yake," alimwambia binti, akimpa rekodi ile kwenye flashi pamoja na hedifoni. "Nina kazi kwenye kituo kingine kwa muda. Afanye mazoezi kila siku. Nikirudi namjaribu, akifaulu tunatoka nje."

Simu ya Randa ilikuwa imejaa hadi pomoni. Humo mlikuwa na picha za makabati aliyotengeneza enzi zake, na muziki wa dansi ambao alikuwa akiusikiliza kila usiku mpaka usingizi unamchukua. Binti alijaribu kuingiza rekodi, simu ikakataa. Angeweza kufuta muziki, lakini roho yake ilikataa. Baba yake ameshanyang'anywa macho, na dansi pia? Akatafuta programu ya kubana mafaili, akaichagulia kiwango cha chini kabisa, na lile faili kubwa likasinyaa mpaka likaingia na nafasi ikabaki. Akalijaribu kwa spika ya simu. Magari yalinguruma, Mwalimu alisema maneno yake, kila kitu kilikuwemo. Akaridhika, akamvisha baba yake hedifoni.

Randa alikaa kwenye kiti sebuleni, akanyoosha kidole, akasubiri barabara. Iliyokuja haikuwa barabara.

Ilikuwa vurugu. Magari yalipita ndani ya paji la uso wake. Mengine yalielekea upande kidogo, kulia au kushoto, kisha yakalegea na kurudi katikati, yote yakichemka pamoja kama maharage kwenye sufuria moja. Hapakuwa na mbele wala nyuma. Hapakuwa na mbali. Gari lilikuwa halipo, halafu lilikuwepo, na kingo za mlio wake zilikuwa na majimaji, kana kwamba mtu amelowesha sauti na kusahau kuianika. Sauti ya Mwalimu ilitokea katikati ya fuvu: "Hilo limetoka kulia." Randa alikuwa ameonyesha mbele. Lililofuata alionyesha kushoto. Lilikuwa limetoka nyuma, kwenye uchochoro, tena lilikuwa baiskeli.

Akarudia. Akarudia kesho yake na kesho kutwa. Alifunga mlango, alizima feni, alijaribu kuvaa hedifoni ile kwa nguvu zaidi. Aliponyoosha kidole, kilizunguka hewani bila pa kutua, kidole cha mkono uleule uliokuwa ukinyoosha mstari kwenye ubao bila rula.

"Vipi, Baba?" binti aliuliza kutoka jikoni.

"Tunasonga," alidanganya.

Ubaya wa shaka ni kwamba haikai mahali ulipoiweka. Ilimfuata hadi karakana. Kipara akimwita, Randa aligeuka, akasita, akajiuliza kama kweli Kipara yuko upande ule au masikio yanamchezea. Alianza kunyoosha mikono mbele anapotembea kati ya meza ambazo alizijenga mwenyewe. Usiku mmoja alikaa kitandani bila kufungua muziki, akajisemea kwamba ugonjwa uliokula macho umehamia kwenye masikio, na kwamba hajui atamwambiaje binti yake. Alilia kidogo, kimya kimya, kwa namna ya mtu aliyezoea kwamba chumba cha pili kina mtu.

Siku za kufungua chuo zikakaribia. Binti hakusema kitu, na kule kutosema kulimkata maini kuliko angelalamika. Hatimaye Randa akaamua. Mwalimu akija, atamrudishia hedifoni yake na shukrani, atamwambia kwamba si kila mtu amepewa kipaji hicho, na barabara ile atavushwa hadi afe.

Mwalimu alirudi mchana wa jua kali, akiwa na mkoba begani na hadithi za kituo cha pili ambazo hakupewa nafasi ya kuzisimulia. Randa alimkatiza akiwa bado mlangoni.

"Mwalimu, chukua kifaa chako. Mimi masikio yangu yamekufa."

"Yamekufa lini? Si umenisikia nabisha hodi?"

"Nasikia kwamba kuna sauti. Sijui iko wapi."

Binti, aliyekuwa akipepeta mchele, aliacha ungo. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari hizo.

"Kaa," alisema Mwalimu. "Vaa. Onyesha."

Alimshika kifundo cha mkono. Simu ikaanza. Randa alinyoosha kidole huku na huku kama mtu anayefukuza nzi, na Mwalimu, ambaye aliijua rekodi ile gari kwa gari, alihisi kidole kikikosea kila mara. Hakumsahihisha. Alimvua hedifoni taratibu, akaivaa yeye.

Uso wake ulibadilika. Mwanamke yule aliyekuwa akitembea mjini kama mwenye mji alinyoosha mkono, akatafuta ukuta, akaushika.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Ni ile rekodi yako, Mwalimu," binti alijibu. "Ya pale nje."

"Hapana. Pale nje nilisimama mimi. Hapa hakuna aliyesimama, hata pa kusimama hakuna." Alivua hedifoni haraka, kama mtu anayetoa kichwa majini. "Nani ameigusa?"

"Nimeibana tu. Simu ilikuwa imejaa, haikuingia. Lakini niliisikiliza, haikupungua kitu! Magari yamo, wewe umo..."

"Umeibana kiasi gani?"

"Mpaka mwisho," alisema binti.

Mwalimu akacheka kile kicheko chake, lakini safari hii kilikuwa na pumzi ya mtu aliyenusurika. Akaketi, akatia mkono mkobani, akatoa kinasa sauti chake chenye rekodi ya kwanza, ile ambayo haijaguswa. Akachomeka hedifoni.

"Fundi, vaa tena. Usionyeshe kitu. Kaa tu."

Kwanza hakikuja kitu. Kisha sebule ikaondoka.

Randa hakuwa na njia nyingine ya kulieleza, na baadaye alipojaribu kumsimulia Kipara aliishia kupunga mikono. Kuta za nyumba yake zilifunguka zikaenda mbali. Kabla hata gari halijapita, ukimya wenyewe ulikuwa na ukubwa: ulikuwa mpana mbele, na upande wa kushoto ulikuwa na ukuta, ukuta wa jirani, aliujua, uliokuwa ukirudisha mlio wa kila kitu kwa ufupi. Nyuma yake, chini, mtu alikuwa akifagia. Si nyuma tu: nyuma kidogo upande wa kulia, na ufagio ulikuwa wa njiti, na ulikuwa ukisogea. Randa aligeuza kichwa kumtazama mfagiaji, mtu asiye na macho, katika chumba kisicho na mfagiaji.

Kisha, kule konani, gari likazaliwa. Lilianza kama uzi, mbali, likanenepa, likaja, na magurudumu yake yakawa na mchirizo mwembamba juu ya lami ambao ulipita mbele ya pua yake kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Randa alirudisha mguu nyuma. Alikuwa amekaa kwenye kiti, na bado alirudisha mguu nyuma usikanyagwe.

"Mungu wangu," alisema.

Na lile gari lilipokwisha, katika uwazi ulioachwa, akasikia ng'ambo. Kulikuwa na msumeno. Ulikuwa msumeno wa Kipara, ulikuwa ukila ubao mkavu, ukisita pale penye fundo kama Kipara anavyosita siku zote, na ulikuwa ng'ambo ya barabara, pale, mahali pake hasa. Kati yake na msumeno ule Randa alisikia upana wote wa lami. Aliusikia kama zamani alivyouona. Kidole chake kiliinuka chenyewe bila kuambiwa, kikaielekea karakana yake, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuhangaika kuyaficha.

"Kuna mtu anapumua," alisema baadaye, kwa kunong'ona. "Karibu sana. Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mwalimu. "Asubuhi ile. Umevaa masikio yangu, Fundi. Umesimama ndani ya kichwa changu."

Randa akapunguza pumzi zake ili apumue pamoja naye.

Baada ya hapo ndipo Mwalimu alipoeleza, na alieleza kwa wote wawili, kwa sababu binti alikuwa amekaa chini sakafuni, mchele umeachwa, mikono kichwani.

"Sikilizeni. Gari likiwa kulia, mlio unafika sikio la kulia kwanza. Kisha unazunguka kichwa ndio ufike la kushoto. Tofauti yake ni ndogo mno: ule muda wa kupepesa jicho mara moja, hiyo tofauti ingeingia humo mara mamia. Hakuna anayeihisi. Hata mimi siihisi. Lakini kichwa kinaipima, saa zote, tangu tumboni mwa mama labda, na hakijawahi kumwambia mwenyewe kwamba kinafanya kazi hiyo. Kinakupa jibu tu: gari liko kule. Na hii mikunjo ya sikio, hii mnayoiona haina maana, ndiyo inayopaka mlio wa mbele rangi moja na wa nyuma rangi nyingine, hasa kwenye ile michirizo myembamba ya juu."

"Na kubana?" aliuliza Randa.

"Programu ya kubana inajiuliza: nikitupa nini, huyu hatagundua? Inatupa kidogo, kweli hagundui. Simu yangu imejaa nyimbo zilizobanwa, na nazicheza. Lakini ukiilazimisha ibane mpaka mwisho, inaanza kutupa michirizo ya juu. Inayaunganisha masikio mawili yawe karibu moja, ili isihifadhi vitu mara mbili. Kile kipande kidogo cha wakati kinakufa. Maneno yanabaki, muungurumo unabaki, ndiyo maana mwanao alisikia kila kitu kimo. Mahali ndipo palipotupwa."

Randa aliliwaza jambo hilo kwa njia anayoijua. "Imepiga randa mpaka unene wa ubao umekwisha," alisema. "Umebaki uso tu."

"Hivyohivyo."

"Na masikio yangu?"

"Masikio yako yalikuwa yakikwambia ukweli. Hapakuwa na barabara mle, nayo yalikataa kukutungia."

Kutoka sakafuni binti alisema, "Nilitaka asikose muziki wake," na hapo akaangua kilio. Alilia kwa yote, kwa pikipiki, kwa sare iliyotundikwa, kwa siku zote ambazo baba yake aliketi gizani akidhani amekufa mara ya pili, na yeye akiwa jikoni anapika. Randa alishuka kwenye kiti, akamfuata. Hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kilio kile, akapiga magoti, akamshika kichwa.

"Umeona?" alisema. "Nimekupata mara moja. Lia tena kidogo, nihakikishe."

Binti akacheka katikati ya machozi, akampiga begani.

Kuanzia siku hiyo mazoezi hayakuwa mazoezi tena, yalikuwa ulafi. Randa alishinda kinasa sauti kikiwa kifuani. Alimfuata mfagiaji kuanzia mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake. Aligundua kwamba gari linaloficha gari jingine nyuma yake linasikika nene, na kwamba baada ya gari kupita lazima usubiri mkia wa mlio wake uondoke, maana ndani ya mkia huo kunaweza kuwa na pikipiki imejificha. Muziki wa dansi alikuwa akiufungua usiku kama zamani, ila sasa aliuzima kabla ya usingizi, akalala akisikiliza chumba chake: saa ya ukutani kule, tone la bomba kule, binti akijigeuza kitandani nyuma ya ukuta. Alikuwa ameishi na utajiri huo tangu kuzaliwa na hakuwahi kuushukuru, kwa sababu macho yalikuwa yakichukua sifa zote. Wakati mwingine ilimjia hofu ya furaha, akashika masikio yake kwa vidole, akipitisha ncha ya kidole kwenye mikunjo ile kwa heshima ileile anayopitisha juu ya ubao.

Mwalimu alimjaribu, akimshika mkono. Kidole kilikwenda na magari, hakikukosea, na alipokiachia kiliendelea.

"Nje," alisema.

Walitoka asubuhi wakati wa magari mengi. Binti aliambiwa akae langoni na asitoe hata pumzi yenye kelele. Mwalimu alisimama naye. Randa akaenda mpaka fimbo yake ilipogonga ukingo, akasimama, akainua uso kidogo.

Hapakuwa na hedifoni sasa, na hakuna aliyekuwa amerekodi kitu. Barabara ilikuja yenyewe, mbichi, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya Mwalimu, kwa kuwa hii ilikuwa na joto na upepo na ilikuwa katika masikio yake mwenyewe. Lori likakata kona. Alilijua likiwa bado uzi. Likapita, ardhi ikatetemeka, akasubiri mkia wake. Kulikuwa na pikipiki ndani ya mkia, kama alivyofikiri. Ikapita. Upande wa kushoto gari dogo lilikuwa likiondoka na si kuja. Konani kulikuwa kimya. Ng'ambo, Kipara, ambaye alikuwa ameombwa afanye kazi yake kama kawaida, alikuwa anapiga msumeno ovyo kabisa kwa woga.

Randa akateremka. Moyo ulimdunda mpaka akahofia utamzibia masikio. Akatembea, fimbo ikigonga, na alihisi upande wa kulia uko wazi, wazi, bado wazi, na msumeno ukimkaribia, na mlio wa fimbo ukianza kurudi kutoka kwenye ukuta wa karakana. Fimbo ikapiga ukingo. Akapanda. Msumeno ukanyamaza.

"Ubao huo umeuharibu," Randa alimwambia Kipara.

"Umeharibika kweli, mzee wangu," alisema Kipara, akavuta kamasi.

Kisha Randa akageuka akarudi, maana ahadi ilikuwa kwenda na kurudi. Safari ya pili alisubiri zaidi, kwa kuwa magari yalikuwa mengi, na hakuona aibu kusubiri. Akafika langoni. Binti alikuwa mbele yake, upande wa kushoto kidogo. Alimsikia akijaribu kutolia.

"Kapige pasi sare," alisema Randa.

Binti aliondoka mwisho wa wiki. Asubuhi hiyo Randa alikuwa ameshavuka mwenyewe, kwa makusudi, ili binti amuage akiwa kazini na si akiwa amesimama langoni kama aliyeachwa. Binti alivuka akamfuata karakana, akiburuta begi lake la magurudumu. Walikumbatiana. Walitaniana. Alimwagiza Kipara mambo mengi ambayo Kipara aliyasahau palepale. Kisha akashika njia ya kituo cha basi.

Randa alisimama mlangoni, msasa mkononi, akisikiliza magurudumu ya begi. Yalikwenda kushoto, kuelekea ile kona, yakipiga kelele kwenye zege iliyopasuka. Gari lilipita likayafunika. Akasubiri, akayapata tena, mbele zaidi, madogo zaidi. Yalisimama. Binti alikuwa amegeuka kumtazama. Randa alilijua hilo kwa sababu hapakuwa na sababu nyingine ya kusimama pale. Akainua mkono. Magurudumu yakaendelea, yakawa uzi, na ghafla ule mchirizo wao wa juu ukakatika, ukabaki mwangwi wake tu ukitoka kwenye ukuta wa ng'ambo, kisha na mwangwi nao ukaisha.

"Amekata kona," alisema Randa.

Kipara akainua macho akatazama barabarani. Hakukuwa na mtu.

"Amekata," alisema.

Randa akabaki amesimama kidogo, akisikiliza pale mahali alipompotelea. Kisha akaingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake, akaanza kusugua.